Mgeni na Alama Zake

Kanuni maarufu ya utalii unaojali mazingira ni kwamba mgeni aondoke bila kuacha alama. Tangu mimi na wenzangu watatu wa shahada ya uzamili tuanze kupanga likizo, nimeanza kuitilia shaka.

Chaguo la kwanza ni Kisiwa cha Rubondo, kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, hifadhi ya taifa tangu 1977. Kuna msitu, ndege, na sokwe ambao wazazi wao wa kale waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Kijiji hakuna. Lakini ukimya huo ulitengenezwa: waliokuwa wakiishi kisiwani walihamishwa kupisha hifadhi. Sidai kisiwa kirudi kulimwa. Nasema tu kwamba ni rahisi kutoacha alama mahali ambapo alama za wengine zimekwisha kufutwa.

Chaguo la pili ni Kanazi, Bukoba Vijijini, kwa bibi yangu. Huku ardhi iliyoachwa yenyewe ni rweya, nyasi juu ya udongo maskini. Kibanja, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kimetengenezwa kwa samadi, kwa maganda ya jikoni, na kwa nyasi zilizokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, kizazi baada ya kizazi. Wahaya wasingeacha alama, pasingekuwa na kivuli cha kukaa.

Je, mgeni aache alama apendavyo? Hapana. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulikuwa umeingia Kagera. Bakteria wake husafiri kwa panga, kwa mche uliobebwa kama zawadi, hata kwa wadudu. Mgeni anayetoka shamba jingine na kushika panga asaidie kukata mkungu anaweza kuangamiza chakula cha nyumba nzima. Nia njema haiui bakteria; moto na jiki huua.

Basi swali ni nani anayeamua alama ipi iachwe. Hotelini bei humkatalia mgeni kwa niaba ya mwenyeji. Kanazi mwenyeji hana namna ya kukataa. Utapewa kahawa ya kutafuna, utachinjiwa kuku, hata kama kuku huyo ndiye aliyekuwa anunue sare ya shule. Kuuliza "tulipe shilingi ngapi?" ni kumtukana, kutouliza chochote ni kumnyonya huku unatabasamu.

Nimewapa wenzangu masharti. Tukae siku chache. Twende na sukari, chumvi na sabuni. Tushike mundu tukakate nyasi za rweya, kazi iliyomshinda bibi kwa umri, na mapanga ya kibanjani tuwaachie wenyewe. Na ombi la kufika lipitie kwa shangazi, kabla hatujakata tiketi. Sisi tukimpigia bibi, atasema karibuni tu. Shangazi anaweza kuambiwa kwamba mwaka huu haifai.