Je, Kusimulia Maovu ni Maovu?



Chukua mfano wa mtu aliyejaaliwa kipaji cha kuzigusa nyoyo za watu. Angeweza kutunga mambo ya huruma, ya malezi na ya subira. Lakini yeye akaketi akaandika juu ya maiti iliyokutwa chumbani, na kisu, na mwizi aliyetokea dirishani. Je, amekipoteza kipaji chake? Na sisi tunaomsoma, je, tumeshiriki katika jambo ovu?

Suala hili lilinifika mwenyewe miaka mingi iliyopita, mbali na pwani. Nilikuwa nikisomesha Titye, katika nyanda za juu za Kasulu, mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha, penye baridi ya asubuhi na mashamba ya maharage na mahindi. Usiku mmoja nilimkuta mwanafunzi wangu ameinamia koroboi akisoma kitabu cha upelelezi, jalada lake limechanika kwa kupita mikono mingi. Nikampokonya, nikakitia motoni baina ya mafiga. Sikuwa nimekisoma hata ukurasa mmoja. Kijana hakubisha. Alisema neno moja tu: "Mwalimu, bado sijamjua aliyeua."

Siku ile nililiona ni neno la kitoto. Leo naliona lilikuwa na hoja kunishinda.

Tuanze na Bara Hindi, kwa kuwa filamu zake twazijua sote. Satyajit Ray wa Calcutta alizaliwa mwaka 1921. Filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, iliyotoka mwaka 1955, ilihusu jamaa masikini wa kijiji cha Bengal, nayo ikampa sifa duniani kote. Mtu wa cheo hicho, mwaka 1965, akaanza kuandika hadithi za mpelelezi aitwaye Feluda. Hakuacha filamu, lakini hadithi zile aliendelea nazo mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1992, zikafika zaidi ya thelathini. Na alianza kuzichapisha wapi? Katika Sandesh, jarida la watoto ambalo babu yake alilianzisha mwaka 1913. Wizi umo, na mauaji yamo. Lakini kwa kuwa alijua kwamba msomaji wake ni mtoto wa nyumba ya watu, aliacha yasiyomfaa mtoto, akatia akili, safari na elimu ya mambo ya kale. Hakukidhalilisha kipaji chake, bali alikichukua akaingia nacho mlango mwingine.

Na kwetu je? Mohamed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918, alishinda mashindano ya uandishi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960. Bwana Msa wake, mwenye kiko mdomoni na Najum ubavuni, hashindi kwa bunduki. Ashinda kwa kutazama na kufikiri, pale ambapo wenzake wameshatosheka na uvumi wa mizimu. Mtu aliyezoea kusoma hivyo si rahisi kudanganywa na kila linalosemwa barazani.

Kisha yuko Ben Mtobwa, na huyu ndiye anayeniuma zaidi, kwa kuwa alikuwa mwana wa mkoa uleule wa Kigoma nilikochoma kitabu. Alizaliwa mwaka 1958, akafariki mwaka 2008. Alikuwa mwandishi wa habari na mchapishaji, na mpelelezi wake, Joram Kiango, alisomwa nchi nzima. Katika Tutarudi na Roho Zetu?, kilichotoka mwaka 1987, adui ni utawala wa Makaburu wa Afrika Kusini, ambao wakati ule ulikuwa bado ukiwatesa watu na kuzitisha nchi jirani. Ni kweli kwamba Joram si Bwana Msa. Anasa zake, na wanawake wanaomzunguka, si mambo ambayo mzazi atataka mwanawe ayaige, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Lakini je, kijana wa Kasulu aliyejifunza humo kwamba dhuluma ya mbali yamhusu na yeye pia, hakupata kitu?

Huenda msomaji akasema: "Maovu yasitiriwe, yasitangazwe." Ni kweli, aibu ya mtu aliye hai haifai kuanikwa. Lakini kumfedhehesha jirani na kusimulia kisa ni mambo mawili. Tukumbuke kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Ndani yake mna ndugu waliohusudu, mtoto aliyetiwa kisimani, kanzu iliyopakwa damu ya uwongo, na mwanamke aliyemsingizia asiye na kosa. Na ushahidi uliomtoa hatiani ulikuwa kanzu yake, kwamba ilichanika kwa nyuma wala si kwa mbele. Maovu hayo yote tumesimuliwa. Lakini hatukuachwa kisimani. Tulipelekwa mpaka haki ikadhihiri, na aliyedhulumiwa akasamehe.

Hapa ndipo nilipoielewa hoja ya mwanafunzi wangu. Kisa cha uhalifu kina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni damu, na nusu ya pili ni ukweli kudhihiri na mkosa kujulikana. Mimi nilimwachia kijana damu, nikamchomea haki. Kama kitabu kile kilikuwa kibaya, nilimwachia ubaya wake. Na kama kilikuwa chema, nilimnyima wema wake. Nami nilihukumu pasi na ushahidi, jambo ambalo hata mpelelezi wa hadithini halifanyi.

Sisemi kwamba kila kitabu kiingie nyumbani. Viko vinavyoutia uovu sukari, na kijana huvifunga akiwa amemhusudu jambazi. Kwa hiyo, ewe mzazi, kisome kwanza wewe, kisha ujiulize mambo matatu. La kwanza: aliyeuawa humo ni mtu mwenye mama wa kumlilia, au ni maiti ya mchezo tu? La pili: mwandishi atufundisha namna ya kuiba, au atuonyesha gharama ya kuiba? La tatu: nikifika mwisho, moyo wangu uko upande wa nani? Kitabu kikishindwa katika hayo, kiweke kando, na umweleze mwanao sababu. Kikifaulu, kaeni mkisome pamoja.

Na wewe mwenye kalamu, hakuna aibu kutoka kwenye filamu ukaingia kwenye riwaya, wala kutoka kwenye mambo ya huruma ukaingia kwenye mambo ya polisi. Utaulizwa ulimfikisha wapi msomaji uliyemshika mkono ukamwingiza gizani.

Kijana yule sikumtafutia nakala nyingine, na baadaye tukapoteana. Kama yu hai, ni mtu mzima sasa. Natumai alimpata mwingine wa kumwambia ni nani aliyeua.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.