Kifuniko Ukifungue Wewe

Mjukuu wangu, jana ulipoingiza kile kigari chako uani, bibi yako alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. IST ya mwaka 2005, umeinunua kwa jasho lako. Nilifurahi. Usiku nimekosa usingizi.

Nimekosa usingizi kwa sababu ya ile chupa niliyoiona kwenye kiti cha nyuma. Chupa ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu, haina hata karatasi, na ndani imebaki oili ya kahawia. Nilipouliza ukacheka: "Babu, nimeokoa 15,000. Fundi amenipimia kwenye pipa. Ni ileile tu, tofauti jina."

Ni ileile tu. Mwanangu, neno hilo nililisikia kabla mama yako hajazaliwa.

Nilikuwa na pikapu, nikichukua vitunguu Ruaha Mbuyuni kupeleka Iringa. Muuza oili mmoja akaniambia hivyohivyo, nami nikamwaga, nikaweka ya kwake. Gari halikufa siku ile. Laiti lingekufa siku ile ningejua mchawi ni nani! Lilinibeba miezi miwili, nami kila kijiwe nikijisifu kwamba wenzangu wanatupa pesa. Kinachomiminwa kimyakimya hutoka kwa kelele, mjukuu wangu.

Kelele zenyewe zilikuja katikati ya mlima Kitonga, magunia yamejaa nyuma, gia ya pili. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikajisemea, ngoja nifike kona ile. Sikuifika. Kwanza nilisikia tok, tok, tok, kama mtu aliyefungiwa chini ya boneti anabisha atolewe. Kisha injini ikashika. Nililala mlimani usiku mbili na vitunguu vyangu, natafuna kimoja kwa chumvi.

Iringa fundi alifungua sampo, akatia kidole, akakitoa na rojo jeusi zito kama lami iliyopigwa na jua. Ndani ya rojo kulikuwa na chembe zinazometameta. Nikamuuliza, hizi ni nini? Akanitazama kwa huruma: "Kaka, hizo ndizo beringi zako."

Kwa hiyo nakusihi, nisikilize. Oili hufanya mengi kuliko kulainisha. Inavitenganisha vyuma visile vyenyewe kwa vyenyewe, inabeba joto, inaosha masizi na kuyashikilia mpaka siku ya kumwaga. Ndiyo maana oili njema huwa nyeusi, wala usiogope weusi. Ile isiyo na viungo vyake vya kuoshea huyaacha masizi yagande humo ndani, na hapo ndipo rojo linapozaliwa.

Pikapu yangu ilikuwa ngumu kama mimi. Injini yako ni mtoto wa shule ya kulipia. Ina VVT-i, mtambo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, unaosukumwa na presha ya oili hiyohiyo kupitia vitundu vyembamba na kichujio kidogo. Rojo likikaa pale, gari linaanza kukosa nguvu, wewe unabadilisha plagi, unabadilisha koili, unamaliza mshahara, kumbe ugonjwa uko kwenye chupa ya maji. Na injini nzima haimezi hata lita 4. Lita 4, mjukuu wangu! Ndizo unazozifanyia ubahili?

Sisemi ununue ya bei ya juu. Hapo babu yako si mjinga. Zipo oili za majina usiyoyajua ambazo ni nzuri, na zipo za majina makubwa zilizojazwa upya uchochoroni. Jina kubwa kwenye galoni iliyorudiwa ni kanzu ya shehe mgongoni mwa mwizi. Wewe soma herufi. Tafuta API, kisha herufi mbili. Ya kwanza ikiwa S ni ya petroli, ikiwa C ni ya dizeli. Ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya kisasa. SA haina kiungo chochote. Wenyewe waliotunga herufi hizo wanasema haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1930. Baba yangu hakuwa amezaliwa! SF ni ya magari ya 1988 kurudi nyuma. Gari lako la 2005 linataka SM, SN au SP. Kisha angalia namba: kitabu cha gari kikisema 5W-30, usikubali fundi akuwekee 20W-50 kwa kuwa eti Dar kuna joto.

Na pipa? Pipa halina herufi. Pipa lina maneno ya mwenye pipa. Oili chafu ninaijua kazi yake, tunapaka mbao za paa zisiliwe na mchwa. Wapo wanaoichuja ikang'aa, ikarudi dukani ndani ya pipa. Kwa macho huwezi kuitambua, kwa kidole huwezi. Mimi mwenyewe siwezi, na nimeshika oili miaka arobaini.

Tafadhali, mwanangu. Galoni iwe na alama ya TBS, na kifuniko ukifungue wewe, kwa mkono wako, mbele ya fundi. Ikiisha itoboe. Usimwachie galoni nzima hata akuombe ya kuwekea maji, maana wapo wanaozinunua tupu.

Bibi yako anasema nina wivu na gari lako. Mwache aseme. Ijumaa unawapeleka watoto Mbeya kwa wakwe zako, na njia ya Mbeya inapita Kitonga. Mlima ule bado uko palepale, na kona ile naijua.

Alhamisi njoo mapema. Injini ikiwa bado ya moto tutamwaga hiyo uliyoiweka, mpaka tone la mwisho, na filta mpya juu. Njoo na galoni ambayo haijaguswa. Nitaishika mimi, wewe uzungushe, nami nisikie kile kipete cha kifuniko kikikatika.