Mkristu na Talaka ya Serikali: Je, Kumtafuta Wakili ni Dhambi?

Wakristu wengi huuliza ulizo hili: mtu aliyefunga ndoa ya Kanisa, akikosa kabisa amani nyumbani mwake, je, aweza kumwendea wakili na kuomba talaka mbele ya hakimu wa Serikali bila kutenda dhambi? Wengine hujibu upesi: hawezi kamwe. Wengine hujibu upesi vilevile: sheria ikiruhusu, hakuna kosa. Majibu yote mawili yana upungufu, na upungufu huo huwaumiza hasa wanyonge.

Kwanza yafaa kutenganisha mambo mawili. Bwana na bibi waliooana kanisani na mbele ya ofisa wa Leta wamefungwa kwa vifungo viwili. Kifungo cha Sakramenti chatoka kwa Mungu. Hakimu hawezi kukifungua, hata akipiga mihuri mia. Kifungo cha pili ni cha sheria ya inchi: chahusu nyumba, mali na malezi ya watoto. Hicho Serikali imekifunga, nayo yaweza kukifungua.

Katika Kongo, mambo hayo huongozwa na Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Sheria hiyo haikubali bwana amrudishe bibi kwao na kusema kwamba ndoa imekwisha. Wazee wa ukoo hawana uwezo wa kuitangaza talaka. Ni tribinali peke yake iwezayo, tena pale tu hakimu anapoona kwamba maisha ya pamoja yameharibika bila tumaini la kutengenezwa. Kabla ya hapo, sheria yataka wajaribiwe kupatanishwa. Watoto hawamfuati baba kwa sababu tu alilipa mahari: hakimu hutazama faida ya watoto wenyewe. Tena, kama waliooana hawakuchagua mpango mwingine wa mali, vile walivyovichuma tangu siku ya ndoa ni vya wote wawili.

Sasa tutoe mfano. Mama mmoja hupigwa na bwana wake, na bwana huyo anauza vitu vya nyumbani kimoja kimoja ili anywe pombe. Watoto hulala njaa. Mama huyo hatafuti bwana mwingine. Ataka watoto wapone na nyumba isiuzwe. Lakini ananyamaza, kwa kuwa jirani alimwambia kwamba akifika mbele ya hakimu atanyimwa Komunyo. Maneno hayo si kweli, hata kama yamesemwa kwa nia njema. Sheria ya Kanisa yenyewe yamruhusu kutengana na mwenzake aliye hatari kwake au kwa watoto. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2383, yafundisha kwamba talaka ya Serikali yaweza kuvumiliwa, ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au urithi. Asipoolewa tena, mlango wa Sakramenti haukufungwa kwake kwa ajili ya talaka hiyo.

Bwana mwingine amemchoka bibi yake, naye ataka kumwoa msichana. Yeye pia amwendea wakili, na barua yake yafika katika tribinali ileile. Tendo la nje lafanana, lakini nia ni mbalimbali. Wa kwanza aomba kinga. Wa pili aomba ruhusa ya kuvunja ahadi aliyoitoa mbele ya Mungu.

Wakili naye ana dhamiri. Tarehe 28 Januari 2002, Papa Yohane Paulo II alipozungumza na mahakimu wa Rota ya Roma, alifundisha kwamba mawakili wasiitumie kazi yao kwa kusudi lililo kinyume cha haki, kama vile talaka. Waweza kusaidia tu kama nia ya mwenye kuomba si kuvunja ndoa, bali kupata haki nyingine zisizopatikana kwa njia nyingine katika sheria ya inchi.

Kwa hiyo anayemtafuta wakili amweleze waziwazi anachokiomba na asichokiomba. Aulize kama jina lake limeandikwa katika orodha ya mawakili. Malipo yapatanwe mapema na kuandikwa. Asiye na fedha aulize ofisi ya mashauri ya bure, ambayo sheria ya mawakili ya mwaka 1979 imeiagiza. Wakili akimshauri kununua mashahidi au kumhonga hakimu, amwache mara moja, kwa maana haki haitetewi kwa uongo.

Hata hukumu ikiisha kutolewa, wajibu haukuisha. Baba angali baba, mama angali mama. Asiwepo anayewafundisha watoto kumchukia mzazi wao. Nao walimu wa dini wasimtishe mtu aliye katika taabu hiyo. Kabla ya kumhukumu, wamwulize kwa upole: ndugu, ni kitu gani unachotaka kukilinda?