Vumbi la Jangwani na Mbolea ya Bahari

Sisi wakazi wa Thamesmead vumbi la Sahara tunalijua kwa kuliosha kwenye magari, kama mwanzoni mwa Aprili 2014. Vumbi hilo likiangukia baharini ni mbolea. Lina chuma, na chuma ndicho kinachokosekana katika bahari nyingi za mbali na nchi kavu, ambako vimea vidogo mno viitwavyo fitoplanktoni hushindwa kuota bila hicho. Samaki wa Lamu na wa Muskati mwanzo wa chakula chao ni vimea hivyo. Wakati wa kusi bahari ya Somalia na Omani hunona: upepo huleta juu maji baridi ya kilindini yenye rutuba, na upepo huo huo hupeperusha vumbi la Pembe ya Afrika na Arabuni hadi majini.

Vimea hunyonya hewa ya ukaa, na vikifa baadhi huzama nayo. Ndipo likaja wazo la kumwaga chuma kwa makusudi ili kupoza dunia. Mwaka 2009 Wajerumani na Wahindi walimwaga chuma kusini mwa Atlantiki. Vimea viliota, vijidudu vya baharini vikavila, na kaboni iliyozama ikawa kidogo. Mwaka 2012, magharibi mwa Kanada, zilimwagwa takriban tani 100 za mchanganyiko wa chuma, kwa matumaini ya kurudisha samaki aina ya samoni.

Jangwa hatulilaumu, kwa nini tumlaumu mtu? Kwa sababu vimea vikipata chuma humaliza pia naitreti na fosfeti, ambazo mkondo ungezipeleka bahari nyingine. Anayerutubisha huku huenda anampunguzia mvuvi wa Kismayu, naye mvuvi hatajua nani kamnyima. Dhoruba haikukaa kikao kupanga hivyo. Mtu hukaa, tena na mahesabu ya faida mezani (wahandisi tunavijua vikao hivyo).

Mwaka 2008 nchi za Mkataba wa London, unaosimamiwa na shirika la IMO lililo ukingoni mwa Thames huu huu, zilikubaliana kwamba urutubishaji wa bahari usiruhusiwe ila kwa utafiti halali. Kenya ni mwanachama. Kibali cha utafiti kikiombwa, tungetaka wajumbe wake wawaulize kwanza wavuvi wa Lamu na Shimoni, kwa Kiswahili, kabla ya kuinua mkono.