Kinundu Cheusi Kwenye Ufizi wa Kichanga

Mkasa huu nimeutunga, lakini kila kipande chake kinaweza kumkuta mtoto yeyote. Kichanga wa miezi mitatu, Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, alianza kuvimba ufizi wa juu, upande wa mbele. Mama yake alipomwinua mdomo aliona kinundu kigumu chenye rangi ya bluu inayoelekea weusi, na juu yake ncha nyeupe ya jino.

"Koko, hebu mwangalie mjukuu wako."

"Hayo ni meno ya nailoni, mwanangu. Yakitolewa, atatulia."

Bibi alisema kwa mapenzi, na alisema alichokisikia kwa miaka mingi. Imani ya meno ya nailoni, au ya plastiki, imeenea Tanzania tangu miaka ya 1980: mtoto akiharisha au akipata homa, fizi zake hulaumiwa. Kinachochimbuliwa huwa ni kichipukizi laini cha chonge ambacho hakijakomaa. Jirani zetu Wamaasai wa Kenya nao wana desturi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 uliwakagua watoto 95 wa kati ya miezi 6 na miaka 2, ukakuta asilimia 87 wameshatolewa angalau kichipukizi kimoja. Zana huwa ni kisu, au spoku ya baiskeli iliyonolewa.

Mtaalamu wa mtaani alichokonoa, jino likatoka, kinundu kikabaki. Wiki chache baadaye kilikuwa kimejaza nusu ya mdomo na mtoto hawezi tena kushika titi.

Mle ndani kulikuwa na uvimbe adimu sana, ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na Krompecher mwaka 1918, naye akaudhani ni saratani. Chimbuko lake ni seli za kiinitete ambazo, mtoto akiwa bado tumboni, huzaa neva na pia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Karibu watoto wote wanaoupata hawajatimiza mwaka, na mara nyingi hukaa taya la juu. Kwa kawaida hausambai mwilini, ila hukua kwa kasi ya kutisha, hula mfupa na kulisukuma jino litokeze kabla ya wakati wake. Ndiyo maana bibi aliona jino. (Fizi nyeusi tambarare ni jambo la kawaida kwa watoto wetu, wala si ugonjwa. Cha kuogopa ni kinundu kinachokua, hata kama juu yake ngozi ni ya waridi.)

Kosa la pili lilifanyika zahanati, alikopelekwa mtoto baadaye, na hili linaniuma zaidi kwa sababu lilifanywa na watu waliosomea. Walikata kinyama kidogo mno, wakakitia kwenye chupa ya maji ya chumvi, na kwenye fomu wakaandika maneno mawili tu: uvimbe taya. Kilifika maabara kimeharibika. Kinyama hutakiwa kizamishwe mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake ukiwa mara kumi ya kinyama chenyewe, na fomu itaje umri, mahali, rangi na kasi ya kukua.

Umri una uzito mkubwa. Afrika Mashariki, taya la mtoto likivimba, akili hukimbilia saratani ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza kutoka Kampala mwaka 1958. Hiyo, hata hivyo, ni ya watoto wakubwa zaidi. Ni nadra mno kwa kichanga.

Maabara, kinyama hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba vya mikroni 4 hivi na kutiwa rangi. Chini ya darubini mtaalamu wa patholojia hutafuta aina mbili za seli zikiishi pamoja: kubwa, zenye chembechembe za kahawia za melanini, zikizunguka vijinafasi, na ndani yake vikundi vya seli ndogo za duara, zenye viini vyeusi. Kipande kikiangukia seli ndogo peke yake, hazitofautiki kirahisi na Burkitt wala na saratani nyingine iitwayo neuroblastoma. Hapo huongezwa rangi za kingamwili: HMB-45 na keratini hushika seli kubwa, sinaptofisini hushika ndogo. Jina likikosewa, kichanga atapewa dawa kali za saratani wakati alichohitaji ni mpasuaji wa kuondoa uvimbe wote.

Kwa mtu wa Arusha, mlango ni hospitali ya rufaa ya Mount Meru. Hospitali ya KCMC ya Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi, ina maabara ya patholojia. Baada ya upasuaji uvimbe huweza kurudi, kwa asilimia 10 hadi 20 ya watoto, zaidi ndani ya mwaka wa kwanza. Mama amfunue mtoto mdomo kila anapomwogesha, apitishe kidole safi kwenye kovu, na akigusa kitu kigumu aende siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki.