Bustani Kabla ya Miiba

Walimu wa darasa la awali na la kwanza katika shule jirani wameomba kipande cha kiwanja nyuma ya jiko la usharika, watoto waanzishe bustani. Wazee wa kanisa wamekubali. Kabla jembe halijaingia, naomba tufungue Mwanzo.

Wengi wetu shuleni tulilijua jembe kama adhabu. Ukichelewa namba, unapewa kipande ulime. Ukipiga kelele darasani, utang'oa kisiki wenzako wakisoma. Hivyo tumekua tukiamini kwamba udongo ni wa wakosaji, na aliyefaulu ni yule asiyeushika tena. Lakini Mwanzo 2:15 inasema Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza, na wakati huo hakuna aliyekuwa amekosa lolote. Miiba na jasho vinakuja sura ya tatu. Tunapomwadhibu mtoto kwa jembe, tunamfundisha sura ya tatu na kuiruka ya pili.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule ziwe na mashamba, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao na waone faida yake katika maisha yao ya shuleni. Sehemu nyingi shamba lilibaki, maamuzi yakahamia ofisini.

Basi tuanze kidogo. Watu wazima walime kwanza na kuchanganya samadi iliyooza vizuri. Jembe la mpini mrefu si la mtoto wa miaka sita. Matuta yawe membamba, mtoto afike katikati kwa mkono bila kulikanyaga tuta. Tupande mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganywe na mchanga mkavu ndipo zinyunyizwe, la sivyo zitarundikana mahali pamoja. Huchipua ndani ya siku chache, na baada ya majuma manne hivi unaweza kung'olewa. Mahindi yanataka miezi mitatu au zaidi. Kumwambia mtoto wa umri huo ayasubiri ni kama kumwambia asubiri mpaka aoe. Na uzio uwepo kabla ya mbegu, maana kuku wa mtaa huu tunawajua.

Siku ya pili watoto watafukua waone kama mbegu imeota. Msiwagombeze. Wapeni maharage kwenye kopo lenye pamba yenye unyevu, wayachungulie watakavyo. Kuhusu tuta, wasomeeni Marko 4:26–29, mfano ambao Injili nyingine hazina: mkulima analala na kuamka, mbegu inakua, na yeye mwenyewe hajui imekuaje. Sijui kama kuna somo la imani linaloeleweka upesi zaidi na mtoto mwenye matope vidoleni.

Ninalolikazia hasa ni mavuno. Mara nyingi mboga ya shule huishia nyumbani kwa mkubwa fulani au huuzwa getini, na watoto huambiwa asanteni. Paulo anamwandikia Timotheo, katika waraka wa pili sura ya 2, kwamba mkulima aliyetaabika ndiye anayestahili kupata fungu la kwanza. Torati inakataza hata ng'ombe anayepura nafaka kufungwa kinywa. Mchicha huu upikwe siku ile ile, uingie kwenye sahani zao na ugali, na kila mmoja apeleke konzi moja kwa mama au bibi yake. Hata wale waliokuwa wakikimbizana badala ya kumwagilia.

Fungu moja likiletwa madhabahuni Jumapili ya mavuno, tutalinadi kama kawaida yetu baada ya ibada. Fedha itakayopatikana irudi kwa watoto, na mbegu zitakazofuata wachague wao, hata wakitaka matikiti maji, ambayo najua yatatambaa hadi mlango wa sakristia.