Bundi Ana Dhambi Gani?

Ndugu zetu Waislamu, twataka kuuliza suali ambalo huenda wengine wakaliona dogo: je, yafaa Muislamu amuue ndege kwa sababu amemwogopa? Sisi hatulioni dogo. Limetugusa katika mtaa wetu, na ndani yake zimevunjwa haki tatu: haki ya Mwenyezi Mungu, haki ya kiumbe asiyesema, na haki ya jirani.

Darsa yetu hukutana Shauri Moyo, Nairobi. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani, si Pangani ya Tanga bali ile ya hapa Nairobi, na wengi wao walikuwa Waislamu. Wazee wetu waliotoka pwani walikuja na dini yao, lugha yao na mapishi yao. Wakaja pia na hofu zao. Mojawapo ni hofu ya bundi. Akilia juu ya paa, husemwa kuna mtu atakufa. Akirudi kulia, husemwa ametumwa, na hapo hutafutwa aliyemtuma.

Basi bundi alikuja akakaa juu ya nyumba ya mjane mmoja, mama mtu mzima, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike wa mtaa. Nyumba ya pili yake alikuwako mtoto wa kike mgonjwa wa homa. Siku ya nne mtoto akafariki. Vijana wakamwandama bundi kwa mawe mpaka akaanguka. Sisi tulikuwa tukitoka darsani, na vitabu vyetu mikononi. Tulisimama tukatazama, na mmoja wetu aliokota jiwe akatupa. Katika uwazi wa paa walisikika makinda wakilia. Walilia siku mbili, kisha wakanyamaza. Na yule mama hakuitwa kumwosha mtoto. Aliitwa mwingine kutoka mtaa wa mbali, na alipokwenda kutoa mkono wa pole, hapana aliyemwitikia salamu.

Tutazame kwanza haki ya Mwenyezi Mungu. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa mtu akitaka kusafiri humrusha ndege. Akiruka kuliani huenda, akiruka kushotoni hurudi. Kwa hiyo itikadi ya nuksi ikaitwa kwao tiyara, neno litokanalo na tayr, yaani ndege. Na sisi Waswahili, je, hatusemi "ndege mbaya" na "ndege njema" tukikusudia uchuro na heri? Lugha mbili, kosa moja. Mtume (s.a.w.) aliikanusha tiyara, na pamoja nayo akaikanusha ile itikadi ya Waarabu kuhusu bundi, waliodhani kuwa ni roho ya maiti. Katika mapokezi ya Ibn Masud ameihisabu tiyara kuwa ni shirki. Haya yamo katika vitabu vya Hadithi tunavyovisoma kila wiki.

Na lau hilo halitoshi, tukumbuke siku aliyofariki Ibrahimu, mwana wa Mtume. Jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume, naye ni baba aliyefiwa, hakulinyamazia neno hilo. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, bundi wa Shauri Moyo atalia vipi kwa ajili ya mmoja wetu?

Ama haki ya kiumbe, twakiri kuwa tulimhukumu bundi bila ya kumjua. Baada ya msiba ule tulianza kuuliza na kusoma, na tuliyoyapata yalitutia haya. Bundi wa kwenye mapaa, yule mwenye uso mweupe mfano wa moyo, hupenda kukaa katika majengo yetu kwa sababu mbili: kuna uwazi wa kutagia, na kuna panya. Manyoya yake ni laini hata akiruka hasikiki. Masikio yake hayakukaa sawasawa, moja liko juu kidogo kuliko jingine, na kwa hilo hujua panya yuko wapi gizani bila ya kumwona. Humeza windo lake zima, kisha hutapika kidonge cha mifupa na manyoya; atakaye kujua bundi anakula nini, na akipasue kidonge hicho atazame. Atakuta mifupa ya panya. Na ile sauti inayotutisha ni maneno yao wao kwa wao: dume humwita jike, na kinda hulilia chakula.

Sisi tunakaa karibu na soko la Burma na Gikomba. Hapana haja ya kumweleza mtu wa huku habari za panya. Sheria yetu imetaja vitu vitano viruhusiwavyo kuuawa hata katika ardhi ya Haram: kunguru, mwewe, nge, panya, na mbwa mkali. Bundi hakutajwa humo. Aliyetajwa ni panya, na bundi ndiye anayemuua! Tumemuua mfanyakazi wetu tukaacha mwizi wetu, kisha tukenda kununua sumu ya panya. Na sumu hiyo humfikia bundi pia, akila panya aliyeila. Katika nchi ya Malaysia wenye mashamba ya michikichi huwawekea bundi masanduku ya kutagia ili wawapunguzie panya.

Huenda msomaji wa Mombasa akasema: "Mbona serikali nayo huua ndege?" Ni kweli kuwa mwaka 2024 idara ya wanyamapori ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja katika miji ya pwani. Lakini kunguru huyo asili yake ni Bara Hindi, na madhara yake yameonekana: huvamia viota vya ndege wa kwetu akala mayai na makinda. Mtu aweza kubishana juu ya njia itumiwayo, lakini hoja ipo. Nabii Sulaimani (a.s.) alipomkosa hud-hud aliazimia kumwadhibu au kumchinja, isipokuwa alete hoja, hud-hud akaleta habari za Saba ambazo mfalme yule hakuwa nazo. Nabii alimsikiliza ndege kabla ya kumhukumu. Sisi tulimuuliza bundi nini?

Na yako makubwa zaidi ya paa moja. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, yumo bundi mdogo asiyefika kimo cha shubiri, ambaye wataalamu walimpa jina mwaka 1966. Hajulikani kuishi ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya na vilima vya chini vya Usambara Mashariki. Miti kama muhugu ikikatwa kwa kuchongwa vinyago, yeye hana pa kuhamia. Pemba nayo ina bundi wake, hapatikani pengine popote duniani. Qurani imetwambia, katika Suratul An'am, kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Umma ulio na kisiwa kimoja tu ni amana mikononi mwa watu wa kisiwa hicho. Na Mtume alipomwona ndege akihangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, aliamrisha warudishwe. Wale wa kwetu hatukuwarudisha, tuliwasikia tu.

Imebaki haki ya jirani. Tulikwenda kwa yule mama tukamwomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wanangu, mimi nimesamehe. Lakini hamkunivunjia heshima humu chumbani. Nendeni mkaseme kule iliposemwa." Hili ndilo tuandikalo kurasa hizi. Twasema wazi, mbele ya wote watakaosoma: bundi yule hakutumwa na mtu, mtoto yule alikufa kwa ajali yake aliyoandikiwa na Mola wake, na tulionyamaza tulishiriki katika kumsingizia Muislamu asiye na kosa. Huku pwani, katika Kilifi, wako wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Maneno kama haya ndiyo mwanzo wake.

Basi twawausia walimu wa vyuo wawafundishe watoto majina na tabia za ndege kama wawafundishavyo majina ya miezi. Hapa Nairobi, tangu mwaka 1971, kuna matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yaanziayo kwenye Makumbusho. Na wapelekwe wakati wa likizo. Atakayemwona bundi juu ya paa lake amhimidi Muumba wake, afunge chakula chake vizuri panya wasikifikie, kisha alale. Na akiwa na mgonjwa nyumbani, aache kumtazama ndege, ampeleke mgonjwa kwa daktari.

Wabillahi tawfiq.